Seli Hai Zinazofichua Sumu

Miaka ya 1890, mwanasayansi wa Uskoti John Scott Haldane aliwashauri wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza washuke mgodini na ndege wadogo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ndege huzidiwa nayo mapema kuliko binadamu. Utaratibu huo ulidumu hadi 1986. Ndege aliokoa watu wengi, lakini hakuweza kuwaambia kiasi cha sumu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 zamu ikawa ya bakteria wa baharini wanaong'aa. Maji machafu yakiwadhuru, mwanga wao hufifia ndani ya dakika chache, na kifaa husoma umefifia kwa kadiri gani. Hata hivyo, bado haikujulikana ni sumu ipi.

Mwaka 1990, Gary Sayler na wenzake huko Tennessee, Marekani, waligeuza mambo. Walimpa bakteria wa udongo jeni za mwanga, wakaziunganisha na zile zinazoamshwa na naftalini, kemikali iliyomo katika lami ya makaa ya mawe. Sasa seli iliwaka ilipoikuta sumu yenyewe.

Ufundi huo haukuhitajika popote zaidi ya Bangladesh. Tangu miaka ya 1970, mamilioni ya visima vya pampu yalichimbwa huko ili watoto wasife kwa kuhara. Maji yalikuwa maangavu, kumbe yalibeba arseniki kutoka ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Bangladesh inaruhusu 50. Watu walikunywa miaka na miaka, ngozi za viganja zikawa ngumu, saratani ikafuata.

Bakteria E. koli ana protini inayoifunga jeni ya kujikinga na arseniki. Arseniki ikiingia, huishika protini hiyo, nayo huachia. Jeni huanza kazi. Mwaka 2003, kundi la Jan Roelof van der Meer nchini Uswisi liliunganisha swichi hiyo na jeni za rangi na mwanga. Mwaka 2005 yakatoka matokeo ya sampuli karibu 200 za maji ya visima vya Vietnam, na kwa sehemu kubwa yalilingana na vipimo vya maabara.

Kilichokwamisha zaidi matumizi ya kipimo hiki ni sheria za viumbe waliobadilishwa jeni. Tahadhari hiyo ni ya haki, lakini bakteria aliyefungiwa ndani ya kichupa, akauawa baada ya kipimo, si sawa na aliyemwagwa shambani. Arseniki imeonekana pia katika baadhi ya vyanzo vya maji kwenye maeneo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria. Mamlaka zetu za maji zijaribu kipimo hiki huko, kwa usimamizi mkali.