Pangaboi linakula uniti ngapi za LUKU?

Joto la Bonde la Kilombero huwafanya wengi, kuanzia Kisawasawa hadi Ifakara, walale pangaboi likizunguka usiku kucha. Je, ukipunguza mwendo, uniti zinapona?

Pangaboi la kawaida likiwa mwendo wa mwisho hutumia takriban wati 75. Kwa saa 10 ni robo tatu ya uniti; kwa siku 30 ni uniti 22.5. Kwa mteja wa D1, mwenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni asilimia 30.

Kupunguza mwendo kunasaidia, lakini angalia swichi yake ya ukutani. Ile ya zamani, kubwa na inayopata moto, hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto, hivyo unaokoa kidogo. Kwa ile ya kielektroniki, mwendo wa chini huweza kutumia chini ya nusu.

Kumbuka, pangaboi halipoozi chumba, linampooza mtu. Ukitoka, zima.

Chandarua nacho hupunguza upepo. Usikitoe kwa sababu ya joto. Ongeza mwendo namba moja. Malaria ni ghali kuliko uniti.