Korona Ilipokuja, Malaria Ilikuwa Imeshafika

Wengi wetu tunaikumbuka Machi 2020 kwa misikiti iliyofungwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 14, wiki moja baadaye watu wakaamrishwa kubaki majumbani, na Ramadhani ya mwaka ule tarawehe zilisaliwa sebuleni. Mbu yeye hakupewa amri hiyo.

Kwa Batsinda, ambayo sehemu yake ilijengwa mwaka 2008 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Kiyovu, mtihani ulikuwa wa usiku. Mtoto ana joto: ni korona au malaria? Ukimpeleka kituo cha afya unaogopa maambukizi, ukimweka nyumbani unacheza na roho yake, maana malaria kali haimsubiri mtoto mdogo.

Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba vyandarua na dawa zikikwama, vifo vya malaria Afrika kusini mwa Sahara vingeweza kufika 769,000 mwaka ule. Alhamdulillahi, hayakuwa hayo. Hata hivyo makadirio yaliyotolewa mwishoni mwa 2021 yalionyesha vifo 627,000 duniani kwa mwaka 2020, yaani 69,000 zaidi ya 2019, na takriban thuluthi mbili ya nyongeza hiyo ilitokana na kuvurugika kwa huduma.

Rwanda ilipita kwa nafuu, na kwa maoni yangu sababu kubwa ilitangulia korona. Abajyanama b'ubuzima, wale majirani zetu wa afya, walikuwa wakiwatibu watoto malaria mitaani tangu miaka ya 2000, na mwaka 2016 wakaruhusiwa kuwatibu watu wazima pia. Tone la damu kidoleni, jibu baada ya dakika chache, bila kupanga foleni popote. Wagonjwa waliokuwa wamepita milioni 4 kwa mwaka walishuka hadi karibu milioni 1 ilipofika 2021.

Kuna habari nyingine ya Agosti 2020 ambayo korona iliifunika. Wanasayansi walitangaza kwamba katika damu ya wagonjwa wa Masaka, hapa hapa Kigali, iliyochukuliwa miaka kadhaa nyuma, walikuta vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H, linalopunguza nguvu ya artemisinini, dawa ambayo ndiyo msingi wa vidonge tunavyowapa watoto wetu. Mwaka 2024 malaria ilipanda tena, na wilaya yetu ya Gasabo ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa.