Kabla ya Risasi ya Chai: Kongwa na Mwanzo wa Vita vya Ukombozi

Kila ifikapo tarehe 25 Septemba, Msumbiji huadhimisha siku ya majeshi yake. Hukumbuka usiku wa mwaka 1964 ambapo kikosi kidogo cha chama cha ukombozi cha FRELIMO, kikiongozwa na Alberto Chipande, kilishambulia kituo cha utawala wa Kireno pale Chai, katika jimbo la Cabo Delgado. Namibia nayo ina tarehe 26 Agosti, Siku ya Mashujaa, kwa ajili ya mapigano ya Omugulugwombashe ya mwaka 1966. Tarehe zote mbili ni za risasi ya kwanza, na vitabu vya historia hupenda risasi ya kwanza kwa sababu ina saa yake na mahali pake. Lakini watu waliofyatua risasi hizo walikuwa wametoka mahali pamoja, nao ni mji mdogo katika nchi kavu ya Wagogo, zaidi ya kilomita 500 kutoka mto Ruvuma.

Msafiri wa barabara ya Morogoro kwenda Dodoma huijua Kibaigwa kwa mahindi. Ni mji wa madalali, mafuso yaliyopangwa kando ya lami, magunia ya lumbesa na soko la nafaka ambalo wanunuzi hulifuata hata kutoka nje ya nchi. Ukiipita Kibaigwa ukafika Mbande, njia inachepuka kushoto kwenda Kongwa na Mpwapwa. Mabasi mengi hayana shughuli na njia hiyo, na abiria wengi wanaoipita hawajui kwamba vita vya ukombozi vya nchi zaidi ya moja vilipangwa huko.

Kwa nini Kongwa? Jibu linaanzia kwenye karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya Vita Kuu ya Pili, iliamua kulima karanga Tanganyika kwa ukubwa ambao haujapata kuonekana. Ilikusudia zaidi ya ekari milioni tatu, na Kongwa ikachaguliwa kuanza. Matrekta yalikuwa haba, kwa hiyo hata vifaru vya vita vilibadilishwa viwe vya kufyekea vichaka. Mgogo yeyote aliyewahi kushika jembe angeweza kuwaambia mabwana wale kwamba mvua ya huko haina ahadi, na kwamba udongo wake ukikauka hugeuka kuwa sakafu. Hawakuuliza. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa, zikiwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Kongwa ikabaki na majengo matupu, ardhi iliyokwanguliwa na mabaki ya reli iliyoletwa kutoka Msagali kwa ajili ya mavuno ambayo hayakuja. Miaka kumi na mitatu baadaye uwanja huo ulioachwa na wakoloni ukapewa watu waliokuwa wakijiandaa kuwapiga wakoloni. Sijui kejeli ya historia iliyo tamu kuliko hiyo.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na jirani wa kusini, Msumbiji, ambaye hakuwa na matumaini ya kuupata kwa mazungumzo. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, tarehe 16 Juni 1960, Wareno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda, katika uwanda wa Wamakonde. Wengi waliotoroka walivuka Ruvuma, na wengine walikuwa tayari upande wa huku, wakikata mkonge katika mashamba ya Tanganyika. Kwao vyama havikuwa jambo geni. MANU, mojawapo ya vyama vitatu vilivyoungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuunda FRELIMO, kilikuwa na mizizi miongoni mwa Wamakonde hao wa ughaibuni. Vingine viwili vilikuwa UDENAMO na UNAMI. Rais akawa Eduardo Mondlane, msomi aliyefundisha chuo kikuu Marekani na kufanya kazi Umoja wa Mataifa.

Mwezi Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa Addis Ababa, na Kamati yake ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam, chini ya uenyekiti wa Oscar Kambona. Sasa palikuwa na chama, kamati na mfuko. Kilichokosekana ni askari. Algeria, iliyotoka kuwashinda Wafaransa mwaka 1962, ilikubali kuwafundisha. Makundi ya vijana wa FRELIMO yakasafirishwa huko, na ndani yake walikuwamo Filipe Samuel Magaia na muuguzi mmoja aliyetoroka Lourenço Marques, Samora Machel.

Waliporudi walikuta nyumba ya mwenyeji imetikisika. Tarehe 12 Januari 1964 Zanzibar ilipinduliwa. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza, wale wale aliowaaga miaka miwili nyuma, waje wawanyang'anye silaha askari wake mwenyewe. Ilikuwa fedheha. Serikali iliyokuwa haina jeshi la kuaminika ilikuwa inaombwa kuwahifadhi mamia ya vijana wa nchi nyingine waliojua kutumia bunduki. Wangewekwa wapi?

Hapo ndipo Kongwa ilipopata kazi yake ya pili. Ilikuwa mbali na ikulu, mbali na bandari, na mbali na mpaka ambao Wareno wangeweza kuurukia kwa ndege. Ilikuwa na maji kidogo, nafasi tele na majirani wachache. Mwaka 1964 FRELIMO wakafungua kambi yao, na Samora akawa ndiye msimamizi. SWAPO ya Namibia na Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC ya Afrika Kusini, wakafuata. MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe nao wakapata sehemu zao. Kila chama kilikuwa na eneo lake, wakilima, wakijijengea mabweni na kufanya gwaride karibu kwa kusikiana.

Ukarimu huo ulikuwa na masharti, na hapa ndipo mwandishi wa historia anapaswa kutulia. Chakula na sare vilipitia Kamati ya Ukombozi. Silaha zilizoshushwa bandarini zilikuwa mikononi mwa dola ya Tanzania, ambayo ndiyo iliyoamua zitoke lini na ziende wapi. Mpiganaji hakutoka kambini bila ruhusa. Tarehe 1 Septemba 1964 Tanzania iliunda jeshi jipya, JWTZ, kuziba pengo la lile lililovunjwa. Wiki tatu na siku chache baadaye risasi zikalia Chai. Kwa hiyo jeshi la mwenyeji na jeshi la mgeni yalizaliwa pamoja, na mwenyeji hakuacha hata siku moja kumwangalia mgeni wake mikono.

Mondlane mwenyewe aliandika kwamba vita ilipoanza FRELIMO ilikuwa na watu 250 tu waliofunzwa na kupewa silaha, wakitembea katika vikundi vya watu 10 hadi 15. Idadi hiyo hata Kibaigwa siku ya mnada huwezi kuiona katikati ya watu. Mbele yao ilisimama Ureno, mwanachama wa NATO. Tena mwanzo haukuwa safi kama sherehe zinavyouonyesha. Agosti 1964, majuma machache kabla ya Chai, padre mmoja Mholanzi aliuawa huko Cabo Delgado na kundi ambalo halikuwa la FRELIMO, na Wareno wakawa macho. Walikuwapo waliodai kwamba wao ndio walioanza. Ndivyo ilivyo kwa kila uasi: akishashinda mmoja, mwanzo wa wengine hufutwa ubaoni. Chai imebaki kwa sababu waliopigana Chai ndio walioingia madarakani tarehe 25 Juni 1975, na kwa sababu nyuma yao palikuwa na kambi iliyoweza kuleta kundi la pili, la tatu na la kumi. Wale wengine hawakuwa na Kongwa.

Wanamibia walikuwa na njia ndefu zaidi. Mwaka 1965 watu sita, wakiongozwa na John Otto Nankudhu, waliondoka Tanzania, wakapita Zambia na kona ya kusini-mashariki ya Angola, hadi Ovamboland. Huko wakaanza kuwafundisha wanakijiji kimyakimya. Tarehe 18 Julai 1966 Mahakama ya Kimataifa ilikataa kesi ya Ethiopia na Liberia dhidi ya Afrika Kusini kuhusu Namibia, na SWAPO ikatangaza kutoka Dar es Salaam kwamba sasa ni vita. Wiki tano baadaye helikopta za Afrika Kusini zikaishambulia kambi yao ya Omugulugwombashe.

Kwa vijana wa Umkhonto we Sizwe, Kongwa ilikuwa mahali pa kusubiri tu. Walikuwa wamefunzwa, wengine Umoja wa Kisovieti, lakini kati yao na kwao zilikaa Rhodesia na Msumbiji, nchi za adui. Miezi ikawa miaka. Mwanajeshi asiye na vita huanza kuhesabu nani anakula vizuri, nani anapendelewa, nani ni wa kabila la mkuu wa kambi. Manung'uniko hayo ndiyo yaliyosukuma baadhi yao, akiwemo Chris Hani, kwenye mapigano ya Wankie, Rhodesia, mwaka 1967 pamoja na ZAPU. Ndiyo pia yaliyomfanya Hani na wenzake waandike waraka mkali dhidi ya viongozi wao, uliochangia kuitishwa kwa mkutano wa ANC Morogoro mwezi Aprili 1969. Wasimulizi wa Afrika Kusini huuita mkutano huo hatua ya kugeuza chama. Chanzo chake kimojawapo ni uchovu wa Kongwa.

Nimelitaja suala la mwenyeji kwa makusudi, kwa sababu hatima ya uasi mwingi hukaa mikononi mwake. Chukua Wakurdi wa Uturuki. Chama chao cha PKK kiliundwa mwaka 1978 katika kijiji cha Fis, mkoa wa Diyarbakır. Nacho kina tarehe yake ya risasi, 15 Agosti 1984, kiliposhambulia miji ya Eruh na Şemdinli. Lakini miaka ya kati ilitumika kujiandaa katika bonde la Bekaa, Lebanon, chini ya kivuli cha Syria. Bekaa ndiyo Kongwa yao. Oktoba 1998, Uturuki ilipoitishia Syria kwa vita, Syria ikamwambia kiongozi wa PKK, Abdullah Öcalan, aondoke. Akatangatanga Ulaya bila nchi ya kumpokea, na safari yake ikaishia kwetu Afrika Mashariki: alikamatwa Nairobi tarehe 15 Februari 1999, baada ya kufichwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki. Syria ilimtumia mgeni wake kama turufu, na turufu hutupwa mchezo ukibadilika. Tanzania ilitishwa pia. Ndege za Kireno zilivuka mpaka, na vijiji vya kusini vikalipa. Mondlane akauawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, tarehe 3 Februari 1969. Msimamo wa mwenyeji haukubadilika.

Nisiipake Tanzania rangi ya malaika. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC walitakiwa kuondoka, wakasafirishwa hadi Umoja wa Kisovieti, wakati serikali ilipokuwa na wasiwasi wa njama za ndani. Wapiganaji wa vyama mbalimbali waliowapinga viongozi wao waliwahi kuwekwa ndani na vyombo vya Tanzania kwa ombi la viongozi hao. Mwenyeji alichagua upande, na aliyekuwa upande mwingine alijuta. Hayo ni sehemu ya historia ya Kongwa kama gwaride lilivyo, na makumbusho yatakayoyaficha hayatakuwa na thamani.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO ilihamishia nguvu zake Nachingwea, karibu na vita. Nako, ajabu, palikuwa eneo jingine la mradi ule ule wa karanga. Kongwa ikapungua umuhimu. Makaburi ya wapigania uhuru yapo, baadhi ya majengo yapo, na kuna mipango ya kitaifa na ya UNESCO ya kuhifadhi urithi wa ukombozi wa Afrika. Mradi wa SADC uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, katibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi tangu 1972 hadi ilipovunjwa 1994, ulitoa juzuu tisa mwaka 2014. Ni kazi kubwa. Hata hivyo sauti zinazotawala katika simulizi za ukombozi ni za makamanda na mawaziri.

Sauti inayokosekana ni ya Wagogo na Wakaguru waliokuwa majirani. Watu hao waliuza maziwa na kuku kambini, walikunywa pombe na wageni waliozungumza Kiswahili cha kubahatisha, na baadhi ya mabinti wao walizaa na wapiganaji ambao baadaye walipewa amri ya kuondoka. Wapo watu wazima katika wilaya ya Kongwa wenye baba Namibia au Afrika Kusini. Bila ukimya wa majirani hao kambi isingekaa siri hata mwezi.

Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1964 leo ameshapita themanini. Halmashauri ya Kongwa inaweza kuweka kibao pale Mbande mwaka wowote, kibao hakizeeki. Wazee hawana muda huo. Msomaji mwenye babu au bibi Kibaigwa, Kongwa, Mpwapwa au Pandambili, keti naye, washa simu umrekodi, umuulize kambi ile ilikuwaje.