Sanamu zilizoshtakiwa kwa kufanana mno

Mwaka 1877, Auguste Rodin, akiwa bado hajavuma, alionyesha mjini Brussels, kisha Paris, sanamu ya kijana aliye uchi yenye kimo cha mtu wa kawaida. Aliyesimama mbele yake kwa miezi mingi kama kielelezo alikuwa Auguste Neyt, askari wa Ubelgiji. Misuli, mbavu na vifundo vilifanana mno na vya mtu hai, na hapo ndipo balaa lilipozuka. Wakosoaji walidai kwamba Rodin hakuifinyanga kwa mikono yake, bali alimpaka askari plasta mwilini na kutoa nakala. Kwa mchongaji wa enzi hizo, shutuma hiyo ilikuwa sawa na kuitwa mwizi. Akahangaika kukusanya picha za Neyt ili ajitetee, na ilipofika mwaka 1880 serikali ya Ufaransa ikainunua sanamu hiyo. Sanamu ya Yohana Mbatizaji aliyoianza baada ya shutuma hizo aliifanya kubwa kuliko binadamu, makusudi, asije akasingiziwa tena.

Karibu miaka tisini ilipita, na huko Marekani mtu mwingine akafanya waziwazi kile kile alichosingiziwa Rodin. Duane Hanson, mzaliwa wa Minnesota, alikuwa akiwapaka mafuta ya mgando watu waliokuwa vielelezo vyake, akiwafunga bendeji zenye plasta sehemu baada ya sehemu, kisha katika kalibu zile akimimina plastiki ya maji iliyotiwa nguvu kwa faibaglasi. Viungo vilipounganishwa, ilianza kazi ya rangi: mishipa inayoonekana chini ya ngozi, michubuko, wekundu wa viwiko. Nywele zilipandikizwa na nguo zilikuwa nguo halisi, mara nyingi zilizokwisha kuvaliwa.

Wachoraji nao walikuwa na hila yao. Chuck Close alijipiga picha, akaigawa kwa miraba, na kati ya 1967 na 1968 akaihamishia kwenye turubai yenye urefu wa zaidi ya mita 2.7, sigara mdomoni na vinyweleo vyote. Mwaka 1972 maonyesho ya Documenta huko Kassel, Ujerumani, yaliwaweka Close na Hanson mbele ya Ulaya. Mwaka uliofuata mfanyabiashara wa sanaa wa Brussels, Isy Brachot, aliyaita maonyesho yake “Hyperréalisme”, yaani uhalisia uliopita kiasi, na sanaa ya namna hii ikashika jina hilo.

Lawama ilibaki ile ile: hawa wananakili tu, mmoja kwa kamera, mwingine kwa kalibu. Nadhani waliosema hivyo walitazama mikono ya Hanson wakasahau macho yake. Kwa karne nyingi sanamu kubwa za Ulaya zilitengwa kwa ajili ya miungu, watakatifu, wafalme na majemadari. Hanson alimsimamisha mama mnene mwenye vibana nywele kichwani, sigara mdomoni, akisukuma kitoroli kilichofurika vyakula vya makopo na maboksi. Aliwasimamisha pia watalii wawili wazee, mume akiwa na kamera zinazoning'inia shingoni. Hao sasa wako Edinburgh. Kazi hizo za mwanzo zina kejeli kidogo, tusifiche. Ila ukifika kwa Queenie II ya mwaka 1988, mwanamke Mweusi mfanya usafi na toroli lake la ndoo na mifagio, kejeli imekwisha. Mtu ambaye wageni wa makumbusho humpita bila salamu amesimama pale pale wanapolipa kiingilio ili kutazama.

Hanson alifariki mwaka 1996. Mwaka uliofuata, katika maonyesho ya Sensation mjini London, umati ulisimama mbele ya maiti ya mzee aliyelala chali sakafuni, uchi, urefu wake kama mita moja tu. Ilikuwa kazi ya Ron Mueck, Mwaustralia aliyetokea kwenye utengenezaji wa vikaragosi vya filamu na televisheni, na mzee huyo alikuwa baba yake. Nywele zilitoka kichwani mwa Mueck mwenyewe. Kalibu ya mwili hakutumia. Alifinyanga udongo kwanza, ndipo akahamia kwenye silikoni. Sanamu yake ya mvulana ya mwaka 1999, ambayo sasa iko Aarhus, Denmark, imechuchumaa na bado inafikia karibu mita tano. Mueck amewahi kueleza kwamba ukubwa wa kawaida haumvutii, kwa kuwa watu wa ukubwa huo tunakutana nao kila siku.