Makutupora: mto wa msimu unaoinywesha Dodoma

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilijua kwamba Ugogo, eneo la Dodoma ya leo, maji si ya bure. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na ndani yake mlikuwamo malipo ya kuchota visimani. Katika nchi inayopata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, tena kati ya Desemba na Aprili tu, mwenye kisima ndiye mwenye amri.

Wagogo walijua pia kwamba mto uliokauka bado una maji. Walichimba shimo katika mchanga wa korongo, wakasubiri maji yajikusanye taratibu, wakachota kwa kata. Mchanga huyachuja na kuyakinga na jua kali.

Miaka ya 1950 Waingereza walijenga bwawa la Hombolo, karibu na Dodoma, ambalo tangu hapo limekuwa likimezwa na tope. Miaka hiyohiyo ilianza kazi nyingine isiyo na makuu: kupima kina cha maji ya visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma. Mpimaji huteremsha utepe kisimani. Ukigusa maji, husoma mita na kuziandika. Daftari lililoanza mwaka 1955 limezaa mojawapo ya kumbukumbu ndefu kuliko zote za maji ya ardhini katika ukanda wa tropiki.

Mwaka 1973 chama tawala cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mji ukakua, pampu zikaongezeka, na Makutupora ikabeba mzigo mkubwa. Maji yakawa yanashuka. Ikaja mvua ya El Niño ya 1997/98. Mafuriko yaliharibu barabara na reli nchini, lakini chini ya Makutupora maji yalipanda kuliko wakati wowote katika kumbukumbu hizo.

Mwaka 2013 wanasayansi wa Tanzania na Uingereza walichapisha takwimu za miaka 55 za visima hivyo. Ilibainika kwamba katika miaka mingi mvua haikuongeza kitu. Akiba ilijazwa na misimu michache ya mvua kubwa. Utafiti uliofuata ulionyesha njia yenyewe: mto Kinyasungwe Ndogo, unaotiririka kwa msimu. Kadiri unavyotiririka kwa siku nyingi, ndivyo maji mengi yanavyozama mchangani hadi kufika kwenye mwamba ambamo pampu huyavuta.

Kwa hiyo mto na kisima ni maji yaleyale, yakiwa katika safari moja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyaweka yote mikononi mwa bodi za mabonde, na Makutupora iko chini ya Bonde la Wami/Ruvu. Msingi huo ni sahihi, ila sheria peke yake haijazi kisima. Anayezuia mkondo huko juu, anayezoa mchanga wake au kulima hadi ukingoni, anagusa bomba la mkazi wa Dodoma.

Serikali sasa imehamia Dodoma, na kiu ya jiji inaongezeka. Tuilinde mikondo ya Kinyasungwe kama tunavyolinda visima, tutoe vibali vya kuvuta maji kwa kuangalia mto umeleta nini, na upimaji ulioanza mwaka 1955 usikatike.