Picha ya CT ya ubongo: huonyesha nini, na kwa nini tuiwahi

Mzee ameketi barazani baada ya alasiri. Ghafla mdomo wamwenda upande, kikombe champonyoka, na maneno hayatoki sawa. Nyumbani kila mtu ana lake: huyu asema ni upepo, yule asema ni presha, mwengine yuko mbioni kutafuta aspirini.

Hicho ni kiharusi, nacho huja kwa njia mbili: mshipa wa damu wa ubongo umeziba, au umepasuka. Dalili zafanana, lakini matibabu ni mbalimbali kabisa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kumwokoa wa kwanza na kumuua wa pili. Hata daktari hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama tu. Ndipo inapohitajika picha ya CT.

Mgonjwa hulazwa kwenye kitanda kinachoingia ndani ya pete kubwa. Miale ya eksirei hupita kichwani kutoka pembe nyingi, na kompyuta huunda picha za ubongo, kipande baada ya kipande, kama mkate uliokatwa. Picha ya kichwa huchukua dakika chache tu, wala haiumi. Mashine hii ilibuniwa na mhandisi Mwingereza, Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha jijini London mwaka 1971. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Mwaka 1979 Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Kwenye picha, mfupa huwa mweupe na maji huwa meusi. Damu iliyovuja karibuni hung'aa nyeupe. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufifia na kuwa nyeusi kuliko jirani yake, lakini weusi huo huenda usionekane katika saa za mwanzo. Kwa hivyo mkiambiwa picha ni safi, msimrudishe mgonjwa nyumbani mkidhani hana neno. Maana yake ni kwamba damu haikuvuja, na sasa daktari aweza kuamua juu ya dawa ya kuyeyusha. Dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza.

CT huonyesha mengine pia: uvimbe, jipu, maji yaliyojaa ndani ya ubongo, na damu baada ya ajali ya bodaboda. Yupo pia mzee aliyejigonga kichwa kidogo tu, na baada ya wiki kadhaa akaanza kusahau na kuyumba. Watu husema ni uzee, kumbe ni damu iliyovilia polepole juu ya ubongo, ambayo mara nyingi yaweza kutolewa kwa upasuaji.

Hata hivyo, picha haisemi kila kitu. Uvimbe wa saratani, jipu na kifua kikuu cha ubongo vyaweza kufanana. Hapo mgonjwa huenda akadungwa dawa ya kung'arisha picha, akapelekwa kwenye MRI, au akatolewa kinyama kidogo kipimwe. Mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kudhurika na dawa hiyo, na aseme mapema. Mjamzito naye aseme, kwa sababu ya miale. Kwa mtu mzima, miale ya picha moja ya kichwa si mingi kuliko ile ya kawaida ya mazingira anayoipata kwa mwaka mmoja. Si ya kuchezea, lakini si sababu ya kuikataa picha inayohitajika.

Basi siku hiyo ikifika, tazameni saa na muikariri: dalili zilianza lini, au mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho lini? Msimpe aspirini, wala chakula, wala kinywaji. Koo lake huenda limelegea, akapaliwa. Anayetaka kumsomea dua na amsomee garini, njiani. Na leo, kabla halijatokea la kutokea, ulizeni ni hospitali gani iliyo karibu nanyi yenye mashine ya CT inayofanya kazi usiku na mchana. Kupelekwa kwengine kisha kuhamishwa hula saa ambazo ubongo hauna.