Mwana Fatuma, Malkia wa Unguja: Msaliti au Mlinzi?

Majirani zetu hapa Molenbeek wenye asili ya Kiberberi wana Kahina, malkia aliyepambana na majeshi ya Waarabu katika karne ya 7. Watoto wetu nao huuliza: malkia wa kwetu ni nani? Jibu tunalo, ila si jepesi, kwani malkia wa Unguja anayejulikana zaidi alisimama dhidi ya Waomani, ambao wengi wetu tunawaita wazee wetu.

Ili kumwelewa Mwana Fatuma, tuanze na aliyemtangulia. Mwaka 1652 Waomani walishambulia Wareno waliokuwa Unguja. Malkia wa wakati huo, Mwana Mwema, aliwaunga mkono Waomani pamoja na mwanawe aliyetawala Utondwe, pwani ya bara. Malipo yake yalikuwa machungu: jemadari wa Kireno, Cabreira, alikuja na majeshi na kumfukuza.

Miaka zaidi ya arubaini ikapita. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Imamu Seif bin Sultan yaliizingira Fort Jesus, Mombasa. Safari hii malkia wa Unguja, Mwana Fatuma, alichagua upande wa pili, akawapelekea Wareno chakula ngomeni. Mzingiro ulidumu miezi 33. Ngome ilipoanguka Disemba 1698, zamu ya Unguja ikafika. Fatuma alikamatwa na kupelekwa Maskati, akakaa huko uhamishoni miaka kama kumi kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao.

Wapo wanaomwita msaliti aliyewasaidia makafiri dhidi ya Waislamu wenzake. Lakini tuwatazame malkia hawa wawili pamoja. Mmoja aliwafuata Waomani akafukuzwa na Wareno; mwengine aliwafuata Wareno akahamishwa na Waomani. Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Mtawala wa kisiwa kidogo, kisicho na manowari, hakuwa akichagua dini wala kabila. Alikuwa akitafuta nani atamwachia kisiwa chake. Tukumbuke pia kwamba habari zake zimetufikia zaidi kwa kalamu za wageni, si kwa kauli yake.

Urithi wake haukufutika. Kiti chake kilishikwa baadaye na mwanawe, Hassan, na watawala wa Unguja, wakijulikana kwa jina la Mwinyi Mkuu, waliendelea chini ya Waomani hadi wa mwisho wao alipofariki mwaka 1873. Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash, limesimama pale ambapo inasemekana palikuwa na nyumba ya Fatuma.

Familia nyingi zilizoondoka Unguja baada ya Januari 1964 zilikwenda Maskati, mji ule ule alikofungiwa malkia. Nazo pia zilihukumiwa kwa upande zilizohesabiwa kuwemo, bila ya kuulizwa zilikuwa zikilinda nini. Anayelijua chungu hilo hana haki ya kumhukumu Fatuma kwa neno moja.

Basi watoto wetu tuwafundishe majina yote mawili, la Imamu Seif na la Mwana Fatuma, kwa heshima moja. Wengi wao damu ya pande zote mbili wanayo.